Andika Kabla Nyundo Haijalia



Ndugu msomaji, na hasa wewe mama na dada yangu ambaye ufunguo wa nyumba na mkoba wa matumizi vimo mikononi mwako, juma hili nakusudia kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo wengi wetu hulianza kwa Bismillahi na kulimaliza kwa ugomvi: ukarabati wa nyumba. Sijifanyi mjuzi wa ujenzi. Haya nitakayoyasema nimeyajua kwa kuyalipia, na sehemu ya malipo hayo haikutoka mfukoni mwangu, bali ilitoka katika akiba ya mama yangu ya kwendea Umra.

Nyumba ya wazee wetu imo Mji wa Kale, Mombasa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu ya ghorofani imebebwa na boriti za mikoko, na juu kabisa ni paa la mabati. Baada ya baba kutangulia mbele ya haki, nyumba ilikaa miaka mingi bila mkono wa fundi. Mabati yaliliwa na kutu ya hewa ya bahari, choo cha ghorofani kikawa kinavuja hadi chumba cha chini, na kila masika mama alipanga ndoo na masufuria chini ya matundu kama mtu apangaye vyombo vya karamu.

Tukaazimia kumtengenezea. Kaka yetu aliyeko Oman alileta shilingi 300,000. Dada yangu nami tulitoa 180,000. Mama akafungua kisanduku chake akatoa 120,000, akasema Umra itasubiri, kwani hata kulala pakavu ni neema ya Mola. Jumla ikawa 600,000, na mimi, niliye karibu, nikapewa usimamizi.

Nilimchukua fundi wa mtaani kwetu, mwashi hodari, mtu wa swala na mwenye sifa njema. Tulikubaliana kwa mdomo, barazani, tukinywa kahawa: ufundi wa kazi yote ni 250,000. Neno hilo, "kazi yote", ndilo lililotuponza. Yeye alikuwa na yake moyoni, nami nilikuwa na yangu. Nikamkabidhi nusu ya fedha siku hiyo hiyo, kwa kuwa kumwambia jirani "tuandikiane" niliona ni kumvunjia heshima.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Nikawaza Ramadhani inakuja, kisha Idi, na wageni wataingia sebuleni. Basi nikamwambia aanze chini. Alipokuwa akipiga plasta nikamwambia, "Maadamu upo hapa fundi, nitengenezee na dari ya jipsamu." Kesho yake, "Maadamu umeshachanganya simiti, niinulie na ile baraza." Kila asubuhi nilikuwa na "maadamu" mpya, naye kila asubuhi alijibu, "Sawa, mama." Idi ikatukuta na sebule ya kupendeza, vigae vinang'aa, wageni wakisifu. Mfukoni zilibaki shilingi 74,000, na paa halijaguswa.

Mvua za masika hazikuningoja nijitetee. Mama alihamia kwa dada yangu kwa miezi miwili. Nilipomwendea fundi kumwambia amalize paa, alinijibu kwa upole kwamba ananidai 60,000 za kazi nilizoziongeza. Nilihamaki. Nilimwambia maneno ambayo Muislamu hapaswi kumwambia jirani yake, tena mbele ya vibarua wake.

Mzee mmoja wa mtaa ndiye aliyetukalisha pamoja baada ya swala ya Alasiri. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi: "Binti yangu, mliandika?" Sote wawili tukainamisha vichwa. Akatupa karatasi, kila mmoja aandike peke yake kazi zilizoongezwa baada ya makubaliano. Fundi aliandika kumi na moja. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliandika nane. Hapo nilitambua kwamba siku zote nilizokuwa nikijiona nimedhulumiwa, mwenye kudhulumu nilikuwa mimi. Tulipatana 45,000, nikamlipa kwa mafungu matatu. Alipopokea fungu la mwisho aliniambia, "Mama, tangu siku ya kwanza nilitaka tuandikiane. Niliona haya."

Haya ni pambo la Muislamu, lakini si mahali pake hapa. Aya ya 282 katika Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamrisha kuliandika deni lenye muda maalumu, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Fundi anayefanya kazi leo ili alipwe mwezi ujao ni mwenye deni juu yako. Nawe uliyemtangulizia fedha kwa kazi ambayo bado, u mwenye deni juu yake. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Ni ulinzi wa ujirani na udugu, kwani kumbukumbu ya mtu mwema nayo husahau.

Mwaka uliofuata tulianza upya, safari hii tukiwa na daftari. Nakueleza tulivyofanya, huenda likakufaa.

Tembea nyumba yako kwanza

Kabla ya kumwita fundi yeyote, ipite nyumba chumba kwa chumba pamoja na wote wakaao humo, kalamu mkononi. Andika kila kasoro, kisha zigawe mafungu matatu. La kwanza ni la kuihifadhi nyumba na roho za watu: paa, nyufa za kuta, boriti zilizooza au kuliwa na mchwa, mabomba yanayovuja, nyaya za umeme zilizochakaa. La pili ni la afya na wepesi wa maisha: choo, jiko, madirisha ya kupitisha hewa. La tatu ni la uzuri: rangi, vigae vya sebuleni, dari ya mapambo. Usihamie fungu la pili kabla ya kutenga fedha zote za la kwanza. Laiti ningaliifuata kanuni hii moja, mama asingelala nje ya nyumba yake.

Kama nyumba ni ya mirathi, kama yetu, kuna jambo la kutanguliza. Warithi wote wajulishwe, na iandikwe iwapo kila anachotoa mtu ni hiba, ni deni litakalolipwa, au ni cha kuongeza sehemu yake. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikatiana salamu miaka kumi baada ya ukarabati, kwa sababu mmoja alidhani ametoa sadaka na mwingine alidhani ananunua chumba.

Tena, nyumba zilizo katika eneo la hifadhi la Mji wa Kale, Mombasa, au katika Mji wa Kale wa Lamu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, hazibadilishwi ovyo. Kabla ya kugusa uso wa nyumba, milango ya kuchongwa au kuta zake, ziulize ofisi za uhifadhi za Makavazi ya Kitaifa na za serikali ya kaunti. Hata nje ya maeneo hayo, kuongeza ghorofa au kuvunja ukuta unaobeba uzito hutaka mhandisi na idhini ya kaunti.

Pima, kisha uulize bei

Mafundi wengi hukwambia bei kwa kutupa jicho tu. Usikubali. Mwombe akupe orodha ya vifaa na ufundi, kila kimoja kwa idadi yake na bei yake. Nawe jifunze kupima. Si elimu ngumu. Choo chetu kina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.8, yaani sakafu ya mita za mraba 3.6. Ukiuzunguka ukuta wote unapata mita 7.6, na vigae tulitaka vifike kimo cha mita 2.1, hivyo ukuta ni karibu mita za mraba 16. Ondoa mlango, zinabaki kama 14.3. Jumlisha na sakafu, ni karibu 18. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vigae vya kukatwa na vya kuvunjika, unanunua mita za mraba 20. Fundi wa kwanza aliyeviangalia kwa macho aliniambia 28. Sikumwita mwizi, alikisia tu, lakini makisio yake ningeyalipia mimi.

Orodha ikiwa tayari, wapelekee mafundi watatu orodha ile ile moja. Ukimpa kila mmoja maelezo tofauti, bei zao hazilinganishiki. Wala usikimbilie aliye rahisi kuliko wote. Muulize kwa nini. Huenda ameacha kuhesabu kubeba kifusi, au amepanga kutumia mabati membamba zaidi. Nenda ukaone kazi yake ya miaka miwili mitatu nyuma, si ya mwezi jana, na uzungumze na mama wa nyumba hiyo. Kazi ikiwa kubwa ya kumpa mkandarasi, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Fundi wa umeme naye awe na leseni.

Jumla ukiipata, usiitumie yote katika mpango. Nyumba ya kale hufichua siri zake pale inapofunguliwa. Sisi tulipoondoa mabati tulikuta mbao tatu za paa zimeliwa na mchwa hadi ndani. Tenga angalau shilingi 15 katika kila 100 kwa yasiyotarajiwa. Ukiona fedha hazitoshi kazi zote na akiba hiyo, punguza kazi, usipunguze akiba. Na usiingie katika mkopo wa riba kwa ajili ya vigae. Nyumba inaweza kukarabatiwa kwa awamu, mwaka huu paa, mwaka ujao choo, nayo ikasimama vizuri.

Mkataba wa kurasa mbili

Mkataba wetu ulijaa kurasa mbili tu za daftari. Uliandika majina na nambari za vitambulisho, kazi moja moja kwa maelezo yake, nani ananunua vifaa, nani analipa vibarua, nani anaondoa kifusi, siku ya kuanza na ya kumaliza, na itakuwaje kazi ikichelewa. Tulitia saini sote wawili pamoja na mashahidi wawili, na kila mmoja akabaki na nakala yake.

Fedha tulizigawa kwa hatua za kazi, si kwa siku wala kwa majuma. Ufundi wa paa na choo ulikuwa 180,000. Siku alipoleta vyombo vyake tulimpa arbuni ya 36,000. Paa lilipokamilika, 54,000. Choo kilipokamilika na kujaribiwa kwa maji, 54,000. Alipomaliza umaliziaji na kusafisha, 27,000. Zilizobaki, 9,000, zilingoja masika yapite, ili mvua yenyewe itoe ushahidi. Fundi hakuchukia, alisema ni mara ya kwanza kufanya kazi akijua kwa hakika fedha yake inayofuata itatoka lini.

Upande wa pili wa mizani ni huu: hatua ikikamilika, lipa siku hiyo hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kumwambia fundi "njoo kesho" hali fedha unazo ni dhuluma, hata kama mkataba uko kabatini. Kulipa kwa M-Pesa kunasaidia, kwa kuwa ujumbe hubaki kuwa ushahidi kwa pande zote mbili.

Mwisho wa daftari tuliacha kurasa za mabadiliko. Kila "maadamu" yangu iliandikwa humo kabla ya kazi kufanywa: ni kazi gani, bei gani, siku ngapi zitaongezeka, kisha saini mbili. Nakwambia kweli, nilipolazimika kuandika na kutia saini, matamanio yangu yalipungua. Mwaka wa kwanza niliongeza kazi kumi na moja. Mwaka wa pili niliongeza mbili.

Vifaa na majira

Vifaa tulinunua wenyewe, na risiti zote zikaingia katika bahasha moja. Usinunue simiti ya miezi mitatu ijayo; unyevu wa pwani huigandisha mifukoni. Usikubali mchanga wa ufuoni eti ni bure. Chumvi yake hula vyuma vilivyo ndani ya zege, na zege hupasuka baada ya miaka. Kuta za mawe ya matumbawe nazo zina mila yake. Wazee walizipiga plasta ya chokaa kwa sababu hupumua. Ukizifunika kwa simiti ngumu, unyevu hubaki ndani, na baada ya muda plasta hutunga malengelenge na kubambuka vipande vipande. Tafuta fundi anayejua chokaa, wangalipo. Na pale utakapotumia plasta ya simiti, hakikisha inamwagiwa maji kwa siku saba hivi ili isipasuke.

Sakafu ya choo, kabla ya kutandikwa vigae, zibwa mdomo wa bomba la kutolea maji, ijazwe maji kina cha vidole viwili na iachwe saa 24. Nenda chumba cha chini utazame dari. Jaribio hili halina gharama, ilhali kung'oa vigae kwa sababu ya uvujaji kuna gharama mara mbili.

Paa lifunguliwe wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba baada ya vuli hadi mapema Machi, jua likiwa kali na mvua ikiwa haba. Anayefungua paa mwishoni mwa Machi anacheza kamari na mawingu. Na kama Ramadhani imo katika majira hayo, panga mapema: fundi aliyefunga hatafanya kazi ya kutwa juu ya mabati yenye moto, wala si haki kumdai hivyo.

Usisahau pia stara ya nyumba. Mafundi watapita ndani majuma kadhaa. Tulikubaliana saa za kuingia na kutoka, njia watakayopita, choo watakachotumia, na kwamba hawapandi ghorofani bila kubisha hodi. Mwanangu wa kiume alikuwepo nyumbani kila siku ya kazi. Vyakula na matandiko tulivihamisha kutoka vyumba vyenye vumbi, na watoto wadogo tukawapeleka kwa shangazi yao siku za kubomoa. Haya nayo yaliandikwa, na kwa kuwa yaliandikwa hakuna aliyeona haya kuyakumbusha.

Fundi wetu wa mara ya pili alikuwa nani? Alikuwa yule yule jirani. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwomba radhi mbele ya mkewe kwa maneno niliyomtamkia mbele ya vibarua, kisha nikamwonyesha daftari. Alilisoma lote, akanisahihisha pawili, akatia saini. Masika yalipokuja mama alikaa kitandani kwake akisikiliza mvua juu ya mabati, na ndoo zake zilikuwa zimekauka jikoni. Umra yake bado. Kila mwisho wa mwezi dada yangu nami tunaweka kitu katika kile kisanduku, na juu ya kifuniko tumebandika karatasi inayosema ni kiasi gani tunachomdai wenyewe nafsi zetu: 120,000. Tumefika 65,000.

Dada yangu msomaji, kama unatazamia kumwita fundi baada ya vuli, anza leo. Nunua daftari, zunguka nyumba yako, na uandike. Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe za utulivu, azitakase fedha zetu na dhuluma, na atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.